Nyutrofili ikiwa chini sio lazima iwe ugonjwa: jeni za kinga na damu zetu watu wa kusini

Kila anayefanya kazi maabara huku kusini ameshaiona hii. Mashine inatoa majibu ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, mstari wa nyutrofili una herufi L pembeni, manake ipo chini, afu ukimuangalia mwenye damu yake amekaa pale kwenye benchi anatafuna korosho, hana homa, hana kidonda, amekuja kupima tu kwa sababu kuna kazi anaenda kuanza. Kesho anakuja mwingine hivohivo. Mimi nipo Mtwara mjini, kabla ya hapo nilikuwa Nachingwea, na hiyo L nimekutana nayo sana kwa watu wenye afya kabisa mpaka nikaanza kusoma kwa bidii nijue nini kinaendelea, na nilichokikuta naona kila mtu wa Mtwara na Lindi anatakiwa akijue, sio sisi wa maabara peke yetu.

Nyutrofili ni aina ya chembe nyeupe za damu, ndio hizo zinazowahi kufika bakteria wakishaingia mwilini. Vitabu vingi tulivyosomea vinasema mtu mzima akiwa na chini ya 1.5, yani 1,500 kwenye maikrolita moja ya damu, basi ana upungufu. Sawa. Lakini hiyo 1.5 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye damu za watu wa Ulaya na Marekani, wengi wao wazungu, ikaingia kwenye vitabu, ikaingia kwenye mashine na kwenye miongozo ya dawa, ikasambaa dunia nzima, na sisi huku tukaipokea tukaanza kupimia nayo watu wa Tandahimba na Liwale.

Jeni inayohusika inaitwa ACKR1, ipo kwenye kromosomu namba 1, inatengeneza protini ambayo wengi tunaijua kwa jina la Duffy, ile ya makundi ya damu. Kazi yake mojawapo ni kudaka kemokaini, zile kemikali ambazo mwili unazitumia kuziita chembe nyeupe zije sehemu yenye shida, kwaio hii ni jeni inayosimamia mwenendo wa kinga, isichukuliwe kama habari ya kundi la damu tu. Sasa kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara kuna herufi moja ya DNA imebadilika, penye T pamekuwa C, na wala sio katikati ya jeni, ni pale kabla haijaanza, sehemu inayoamua jeni ifanye kazi au ikae kimya. Ukiirithi hiyo C kwa baba na kwa mama, chembe zako nyekundu hazitengenezi Duffy kabisa, ingawa sehemu zingine za mwili zinaendelea kuitengeneza kama kawaida. Afrika Magharibi na ya Kati karibu kila mtu yuko hivo, huku kwetu Mashariki ni wengi sana, wazungu wa Ulaya karibu hawana.

Sababu inayotajwa sana ni malaria. Kuna kimelea kinaitwa Plasmodium vivax, ili kiingie kwenye chembe nyekundu kinajishika kwenye Duffy, sasa Duffy ikiwa haipo kinahangaika. Louis Miller na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1976, na mwaka 1995 ndio herufi yenyewe iliyobadilika ikajulikana. Siku hizi wapo watu wachache wasio na Duffy wameonekana wakiugua vivax, kwa mfano Madagaska, ila kwa ujumla hiyo ndio mojawapo ya sababu kubwa kwamba malaria inayotusumbua Tanzania karibu yote ni ya kimelea kingine, falciparum. Na hii falciparum haina habari na Duffy, inapita njia zake zingine, ndio maana mkoa kama Mtwara bado tunalia na malaria kila masika.

Halafu mwaka 2009 timu ya David Reich wakachukua Wamarekani weusi, wakafuatilia kwa nini nyutrofili zao zipo chini kuliko za Wamarekani weupe, wakaishia kwenye herufi hiyohiyo moja. Yani sio lishe, sio minyoo, sio uchovu. Na la muhimu kuliko yote ni kwamba watu hawa hawaugui zaidi ya wengine kwa sababu ya hiyo namba. Uboho wao unatengeneza chembe vizuri, maelezo ya wanasayansi ni kwamba nyutrofili zao nyingi zinahamia kwenye tishu kuliko kubaki zikizunguka kwenye damu, na sisi tukichoma sindano mkononi tunahesabu zile za kwenye damu tu.

Mdogo wangu aliyenifuata ziwa yalimkuta. Alipata nafasi ya kazi, akaambiwa apime afya, nyutrofili ikaja 1.2, akarudia ikaja 1.3, mtu mmoja akamwambia "wewe kinga yako imeisha". Kwa huku kwetu ukimwambia mtu kinga imeisha unajua anachosikia. Akapima virusi, hana. Akarudia, hana. Lakini maneno yakawa yameshatoka, mtaani watu wananong'ona, bi mkubwa akanipigia simu analia ananiambia "mwanangu, wewe si ndio unapima damu za watu, mbona mdogo wako anaisha hujasema kitu?" Na huyo anayeisha alikuwa anabeba magunia ya korosho mgongoni kutwa nzima. Kazi ilimpita. Nilipofukua makaratasi yake ya zamani nikakuta nyutrofili ilikuwa hivohivo tangu yuko sekondari, haijawahi kushuka ghafla, haijawahi kupanda sana, imetulia palepale miaka yote. Jeni yake haijapimwa kwaio siwezi kuapa, ila mtu mzima wa afya, mtoto wa Kimakonde, namba imetulia miaka yote, hana dalili yoyote, kitu cha kwanza kufikiria kilitakiwa kuwa hiyo Duffy.

Na hiyo ni kazi tu. Kuna watu hii namba inawagusa kwenye matibabu. Mgonjwa wa saratani anayepewa dawa za mishipa, nyutrofili ikiwa chini ya kiwango dozi inaahirishwa au inapunguzwa, sasa fikiria mtu ambaye kiwango chake cha kuzaliwa nacho ndio kiko pale mpakani, kila safari anaambiwa subiri damu ipande na saratani nayo haisubiri. Kuna dawa ya wagonjwa wa akili inaitwa clozapine, ni dawa nzuri sana kwa wale ambao dawa zingine zimeshindwa, nayo masharti yake ni nyutrofili. Marekani mwaka 2015 walibadilisha mwongozo wao, mtu mwenye hali hii ya kuzaliwa nayo akaruhusiwa kuanzishiwa dawa akiwa na 1,000 badala ya 1,500. Herufi moja ya DNA, na hapo katikati kuna wagonjwa walikosa dawa miaka mingi.

Nimekaa sana kwenye Duffy kwa sababu ndio naiona kila siku, ila sio peke yake.

Kuna jeni inaitwa FCGR2B. Hii kazi yake kwenye chembe zinazotengeneza kingamwili, zile protini za kupambana na vijidudu, ni kama breki, inazipunguza kasi mwili usije ukaanza kujishambulia wenyewe. Kuna aina ya jeni hii ambayo breki haishiki vizuri. Mtu mwenye nakala mbili za aina hiyo yuko kwenye hatari zaidi ya kupata lupus, ugonjwa ambao kinga inakula mwili wake mwenyewe, figo, ngozi, viungo. Sasa utafiti uliotoka mwaka 2010 ukawaangalia watoto wa Kenya, ukakuta wenye nakala mbili za hiyo aina wana kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Unaona hapo? Aina hiyohiyo inayokuletea shida ukiwa mtu mzima ndio iliyokuvusha ukiwa mtoto, na ipo zaidi kwa Waafrika na watu wa Asia ya Kusini Mashariki kuliko Ulaya, manake sehemu ambazo malaria imeua watoto vizazi na vizazi, watoto wenye kinga kali ndio waliobaki wakazaa. Mimi hili lilinigusa sana kwa sababu nimeona malaria ya watoto Nachingwea, nimeshika hizo slaidi kwa mikono yangu.

Mwaka 2016 zikatoka tafiti mbili kubwa kwa pamoja. Moja ya timu ya Luis Barreiro, walichukua Wamarekani 175, wenye asili ya Afrika na wenye asili ya Ulaya, wakatoa chembe zao za kinga zinaitwa makrofeji wakaziwekea bakteria, Listeria na Salmonella. Chembe za wenye asili ya Afrika zilimaliza bakteria haraka zaidi na ule mwitikio wa kuwasha uvimbe ulikuwa mkali zaidi. Ya pili ya Lluis Quintana-Murci, watu 200 wanaoishi Ubelgiji, nusu kwa nusu, nayo ikaonyesha jeni nyingi za kinga zinawaka kwa viwango tofauti kati ya makundi hayo mawili. Sehemu ya tofauti hiyo kwa Wazungu inatoka kwa Neanderthal, wale binadamu wa kale wa Ulaya na Asia ambao babu zao walikutana nao wakazaa nao. Svante Pääbo, aliyepata Nobeli mwaka 2022 kwa kazi ya DNA za kale, alionyesha na mwenzake mwaka 2020 kwamba kuna kipande kwenye kromosomu ya 3 kinachoongeza hatari ya Korona kali, na kipande hicho kimetoka kwa Neanderthal. Asia ya Kusini karibu nusu ya watu wanacho, Ulaya kama asilimia 16, Afrika karibu hakipo. Msije mkasema ndio sababu Korona haikutumaliza, umri wa watu wetu nao ni mdogo na kuna mambo mengine mengi, ila ni jambo la kujua.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2022 ulitoka utafiti uliofanywa na damu za Watanzania wenyewe, watu wazima wenye afya, kutoka kule Kilimanjaro. Walichofanya, walichukua damu wakaiwekea vijidudu mbalimbali kisha wakapima saitokaini, zile kemikali za kupeana taarifa kwenye kinga, halafu wakasoma DNA ya kila mtu waone ni herufi zipi zinaendana na saitokaini kuwa nyingi au kidogo. Wakapata sehemu 80 zenye dalili na moja yenye ushahidi mzito kwenye kromosomu ya 22. Halafu wakalinganisha na orodha ya namna hiyo ya watu wa Ulaya Magharibi. Zilizofanana hazikufika hata asilimia 2! Kuna eneo la jeni linaitwa TLR10-TLR1-TLR6, kwa Wazungu linajulikana kabisa kuwa linaendesha saitokaini, kwa Watanzania hawa halikuonyesha athari yoyote, na badala yake njia ya intaferoni, aina mojawapo ya saitokaini, ndio ikajitokeza kwa nguvu kwa Watanzania. Nilipousoma huu nilisimama kidogo. Sisi tunasomea kinga kwa vitabu vilivyoandikwa kutoka damu za watu ambao ramani yao ya kinga inakutana na yetu kwa asilimia chini ya 2, hapo kwenye kile walichopima.

Lakini hapa naomba tuelewane vizuri maana kuna watu wakishasoma hivi wanarukia kusema Mwafrika yuko hivi, Mzungu yuko vile. Hapana. Afrika yenyewe ndio yenye tofauti nyingi za DNA kuliko bara lolote. Mwaka 2020 watafiti walisoma jenomu za Waafrika 426 kutoka makabila 50 wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Burkina Faso wapo Wafulani wanaoishi jirani kabisa na Wamossi, mbu walewale, na bado tangu tafiti za miaka ya 1990 imeonekana Wafulani wanakuwa na vimelea vichache vya malaria na kingamwili nyingi zaidi. Pwani ya Kenya kule Kilifi kuna aina ya chembe nyekundu inaitwa Dantu inayopunguza malaria kali kwa kiasi kikubwa, ipo Afrika Mashariki, ukienda Afrika Magharibi huikuti.

Na sisi huku? Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa DNA za mifupa ya kale ya pwani ya Waswahili, watu 80, ikiwemo Kilwa na Songo Mnara hapa mkoani Lindi. Wengi walikutwa wana mchanganyiko, upande wa mama zaidi ni Waafrika, upande wa baba wengi wametoka Uajemi na kidogo India, mchanganyiko ulioanza mnamo mwaka 1000. Kwaio mtu wa Kilwa Kisiwani, Mmwera wa Ruangwa, Mmakonde wa Newala ambaye ukoo wake nusu upo ng'ambo ya Ruvuma, Myao wa Masasi, hawa wote ni watu wa kusini ila huwezi kuchukua damu ya mmoja ukasema umeshawajua wote. Na huwezi kuchukua damu ya Moshi ukaifanya ndio Tanzania.

Alafu jeni sio kila kitu. Haohao watafiti wa Kilimanjaro mwaka 2021 walitoa kazi nyingine ya watu 323, wa mjini Moshi na wa vijijini, ikaonekana wa mjini kinga yao ina uchochezi zaidi, yani iko karibu zaidi kuwasha uvimbe, na chakula kina mchango mkubwa. Mwaka 2025 wakaenda mbali zaidi, wakawabadilishia wanaume vyakula kwa wiki mbili, wa kijijini wakala vya kizungu, wa mjini wakarudi kwenye vya asili, na kinga ikabadilika ndani ya hizo wiki mbili tu! Waliokula vya kizungu uchochezi ukapanda, waliorudi kwenye vya asili ukashuka. Mimi nikawaza ugali wetu wa muhogo, mbaazi, ming'oko, samaki wa Msimbati, majani ya muhogo ya kutwanga. Na upande mwingine nikawaza matende na mabusha, maana hawa minyoo wanaosababisha hayo nao wana tabia ya kuituliza kinga ya mtu ili waishi humo miaka, na huku kwetu magonjwa haya yametutesa sana. Kinga ya mtu wa Mtwara imepikwa na jeni na chakula na vimelea kwa pamoja, kwa hiyo hata tungekuwa na jeni sawasawa na watu wa Moshi bado majibu yasingefanana moja kwa moja.

Ninachotaka ni kitu kinachowezekana. Mbeya walishafanya viwango vyao vya maabara kwa watu wazima wenye afya, vilichapishwa 2008. Mwaka 2009 vikatoka vya Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia kwa pamoja, watu zaidi ya 2,000, na vilikuwa tofauti na vya Marekani sehemu kadhaa, nyutrofili ikiwemo. Sasa kwa nini mashine nyingi bado zinatoa L kwa kipimo cha Marekani? Viwango kwenye mashine vinabadilishwa, sio sheria ya mbinguni, inahitaji mtu wa maabara na daktari wakae wakubaliane na waandike. Na viwango vya Mtwara na Lindi vitafutwe kwa damu za Mtwara na Lindi, watu waelezwe kwa lugha wanayoielewa damu yao inaenda kufanya nini na majibu yarudi kwao, sio sampuli zinapanda ndege afu kimya.

Kwa wenzangu wa maabara na kliniki: ukiona nyutrofili 1.1 kwa mtu mzima asiye na dalili, kabla hujatamka chochote muulize kama ana majibu ya nyuma. Namba iliyotulia miaka mingi ni habari tofauti kabisa na namba iliyoshuka ndani ya wiki. Iliyoshuka ghafla, au iliyoambatana na homa, vidonda mdomoni, kupungua uzito, au mtu yuko kwenye dawa zinazojulikana kushusha chembe nyeupe, hiyo usiibebeshe Duffy hata kidogo, hiyo mpeleke haraka aangaliwe, maana virusi vya UKIMWI na saratani za damu na dawa vyote vinaweza kushusha nyutrofili kweli. Na kama chembe nyekundu na chembe sahani nazo zipo chini pamoja na nyutrofili, hiyo pia sio Duffy.

Kwa mtu yeyote mwingine anayesoma hapa, majibu yako ya FBP usiyatupe. Yaweke kwenye mfuko wa nailoni na cheti cha kuzaliwa, au yapige picha uyahifadhi kwenye simu na umtumie ndugu mmoja unayemwamini, andika na tarehe, andika kama siku hiyo ulikuwa mzima au unaumwa. Siku utakapoambiwa nyutrofili iko chini, mpe daktari karatasi zote uliwahi kupimwa, mwambie naomba ulinganishe na hizi kwanza.